Maswali ya Nyumba: Fundi wa Kabati Asubiri Kwanza

Mara hii barua nyingi zimekuja na jambo moja, nyumba ndogo na vitu vingi, na karibu kila mtu anauliza anunue kitu gani cha kuwekea. Nawaambia tangu mapema, wengi wenu jibu langu ni msinunue chochote bado. Huku kwetu pwani nyumba ikijazwa haibani tu, inaoza, kwa sababu joto na unyevu vikikosa pa kutokea vinakaa ndani ya nguo zenu na magodoro yenu na karatasi zenu. Kwa hivyo mtaniona narudia rudia hewa, hewa, mpaka mchoke.

SWALI: Asalaam aleikum shangazi. Mimi nakaa Langoni, Lamu, nyumba ya familia ilogawanywa baada ya babu kufariki, sisi tukapata chini, vyumba viwili na kipande cha kiwanda (ule ua wa ndani), mimi na mume na watoto watatu. Nguo zimejaa masanduku, zengine ziko kwenye magunia juu ya kabati la zamani, na kila nikifungua kuna harufu ya ukungu hata kwa nguo nilizofua juzi. Nataka fundi anipigie kabati la milango minne ukuta mzima mpaka lifike kwenye boriti. Nitie mvule au nichukue plaiwudi ya bei rahisi? – *Mama wa watatu, Langoni*

JIBU: Waaleikumu salaam mwanangu. Fundi mwambie asubiri, na pesa ya mbao iweke.

Hiyo harufu ni shida kubwa kuliko nafasi. Ukungu unataka unyevu na hewa iliyosimama, na chumba cha chini Lamu kina vyote viwili, hasa masika yakiingia kuanzia Aprili, mvua haikatiki na jua la kuanikia hulioni. Kuta zetu za mawe ya matumbawe na chokaa zinavuta maji kutoka ardhini halafu zinayatoa pole pole kwa hewa, ndio maana wazee walipaka chokaa, hawakupaka rangi ya mafuta wala simenti. Sasa wewe ukija ukauziba ukuta mzima kwa mbao kutoka chini hadi juu ule unyevu utatokea wapi? Utakaa nyuma ya kabati. Plaiwudi itavimba, itaanza kubanduka tabaka tabaka, mchwa watakuja, na nguo zitanuka kuliko sasa. Mvule itavumilia zaidi lakini nguo zilizo ndani hazitapona.

Halafu pima chumba chako. Vyumba vya nyumba za kale ni virefu vyembamba kwa sababu boriti za mikoko haziwezi kubeba upana mkubwa, mara nyingi haufiki hata mita 3. Kabati lina kina cha nusu mita na zaidi, ongeza mlango unavofunguka, umebakisha nini? Kijia cha kupita mtu mmoja kwa ubavu na watoto watatu wanapigana kupita. Na kama ukuta wako una zidaka, vile vishubaka vya ndani ya ukuta, nakuomba usizizibe na usizifiche, zimejengwa kwa kazi hiyo hiyo ya kuweka vitu na hazili hata shubiri moja ya sakafu. Kama umefikiria kuchimba ukuta au kubomoa kitu ulizia kwanza, mji wa kale uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na watu wa uhifadhi wa Makumbusho wako hapo hapo mjini, zungumza nao kabla fundi hajashika tindo.

Sasa kazi yenyewe. Ngoja siku ya jua kavu, kama ni wakati wa kaskazi ndio vizuri zaidi, tandika mkeka hapo kwenye kiwanda, halafu fungua sanduku MOJA. Usifungue yote, wanawake wengi wanakwama hapa, wanatoa nyumba nzima asubuhi, saa nane mchana watoto wamerudi wana njaa, vitu viko mpaka mlangoni, basi vinarushwa ndani tena kama vilivokuwa na hamu imeisha. Sanduku moja, limalize, lifunge, lengine siku nyengine.

Najua utakachokikuta juu kabisa. Leso, yaani kanga. Doti ulizotunzwa harusini, za mashangazi, za arubaini ya mtoto, hazijakatwa hata katikati, bado zina ule wanga wa dukani. Zishike uzifungue moja moja mbele ya jua uangalie kwenye mikunjo, utaona mstari wa rangi ya chai au vidoa vidogo vyeusi. Pamba ikikunjwa mahali pamoja miaka mingi kwenye unyevu inachoka hapo kwenye mkunjo, na ukija kuivaa inapasuka kwa urefu. Kwa hivyo leso unayoihifadhi kwa kuipenda ndio inakufia mkononi. Chagua zile ambazo kweli zina mtu ndani yake, ya mamako, ya siku yako ya harusi, hizo zifue utoe wanga (mende na wadudu wengine wanaufuata wanga), zianike mpaka zikauke kabisa, zikunje kwa mkunjo mwengine na kila baada ya miezi michache ubadilishe mkunjo. Zengine zivae. Vaa nyumbani, kata, shona, mpe mwenye mtoto mchanga, peleka kwenye harusi ijayo. Leso ni ya kuvaliwa, wallahi inaniuma kuona doti nzuri imeoza sandukuni na mwenyewe anajifunga kipande kilichotoboka.

Nguo za watoto ndio rahisi. Kama mdogo ataivaa mwaka huu au mwaka ujao, weka. Kama unaweka kwa mtoto ambaye hajazaliwa na hujaamua kama utazaa, toa. Sare za shule zilizowakaa ndogo zitoe kabla shule hazijafunguliwa, Januari kuna mzazi mtaani anazitafuta na anaona haya kuuliza.

Na kutoa tutoe vizuri. Baqara aya ya 267 inatukataza kukusudia kutoa kilicho kibaya ambacho sisi wenyewe tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Nguo iliyochanika kwapani si sadaka, hiyo ni kitambaa cha kupangusia, ikate iwe na kazi. Fua, kunja, halafu ndio upe.

Ukishamaliza masanduku utaona mwenyewe kabati la milango minne hulihitaji. Lile la zamani lisogeze mbali na ukuta, nafasi ya ngumi iliyokunjwa inatosha, litie vipande vya mawe au mbao chini ya miguu lisiguse sakafu, na usilijaze, acha robo iwe tupu ili mkono uingie na hewa ipite. Yale magunia ya juu yaondoke kabisa, gunia la plastiki linafungia unyevu ndani, nguo inachemka humo. Siku za jua acha milango ya kabati wazi asubuhi mnapofanya usafi. Mfuko wa kitambaa wenye makaa makavu ukiuweka chini unapunguza harufu, kila wiki mbili tatu uanike. Palipo na ukungu piga brashi nje ya nyumba si ndani, ujifunge kitambaa puani, pangusa siki, uache jua lifanye kazi yake. Kama kuna mtoto mwenye pumu asikae karibu wakati huo.

Jikoni sijasema neno kwa sababu hukuuliza, lakini kama vitunguu na viazi vinakaa sakafuni rudisha susu, kile chombo cha kuning'iniza, ukifunge kwenye boriti iliyo nzima. Kitu chepesi tu, boriti nyengine zimeliwa na mchwa ndani na kwa nje huoni.

SWALI: Habari shangazi. Niko Malindi, Maweni, napanga chumba kimoja, kulala hapo kupika hapo. Nafanya kazi hoteli kwa hivyo kuna miezi niko na pesa na kuna miezi hakuna, na pesa ikiwepo nanunua vitu, hata seti ya sufuria saba. Nina boksi za kila kitu, simu, redio, viatu, maana ukiuza kitu na boksi lake unapata bei. Meko nimeitia ndani ya kikabati na pazia ili wageni wasiione. Landilodi hataki misumari. Mende wamenishinda. Nipange vipi? – *Kijana wa hoteli*

JIBU: Kaka, kabla hujasoma kwengine nyanyuka ukaitoe hiyo meko ndani ya kikabati. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja haiendi dirishani, inashuka inajikusanya chini, na wewe umeijengea chumba cha kujikusanyia. Mtungi ukae wazi, wima, karibu na dirisha au mlango, mbali na soketi na mbali na kitanda. Mgeni akiuona hakuna aibu. Ukisikia harufu usiguse swichi ya taa hata kuzima, funga mtungi, fungua mlango, toka.

Sasa boksi. Wewe unapigana na mende na huku umewajengea nyumba. Katoni ina zile njia za mawimbi katikati ambazo mende anapita akiwa amebanwa pande zote kama anavopenda, na ile gundi ni wanga, ni chakula. Utapuliza dawa mpaka uumwe kichwa, wakifa kumi waliomo ndani ya katoni wanatoka ishirini. Weka boksi la simu tu, la sasa, basi, na risiti uipige picha. La redio ambayo ina miaka mitano nani atakuongeza bei? Viatu vitoe kwenye maboksi, huku kiatu cha ngozi kikifungiwa kinaota ukungu mweupe ndani ya mwezi.

Misumari huna haja. Tafuta hanga ya kusimama ya mabomba, uipake rangi vizuri maana chumvi ya hewa ya Malindi inakula chuma, au zile ndoano za kuning'inia juu ya mlango. Nyanyua kitanda kwa matofali manne, chini tia sutikesi badala ya mifuko kumi. Kile kikabati kilichobaki tupu weka vyombo, sufuria mbili, sahani mbili, kikombe kimoja cha mgeni. Hizo sufuria saba ulinunua kwa sababu zilikuwa seti.

Na hili nakuambia kwa mapenzi, msimu wa watalii ukifika usinunue kitu siku ya mshahara. Ngoja. Nafasi ya chumba chako unailipia kodi kila mwezi hata miezi ambayo hoteli imefunga, sasa kila kitu unachokileta na hukitumii unakilipia kodi yake pia.

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi nimeolewa nyumba ya mume wangu Mkomani, tunaishi na mama mkwe. Chumba cha ndani kizima ni vitu vyake, kasha, viti viwili vya zamani, vitanda vya kale vimefunguliwa vimelazwa ukutani, mabirika, sahani, saa mbovu. Mimi na watoto tunalala tumebanana. Kuna mtu hupita hununua vitu vya kale, mume wangu anasema tuuze mama akiwa safarini. Mimi naogopa. – *Mkaza mwana*

JIBU: Marahaba mwanangu, na moyo wako umekwambia kweli. Usiuze. Usikubali hata kimoja kitoke na mwenyewe hayupo, mali ni yake, na akirudi akakuta mahali peupe atakayelaumiwa si mwanawe, ni wewe, na hilo halifutiki.

Kuna la pili. Wanaopita kununua wanajua thamani kuliko nyinyi, ndio kazi yao. Kiti cha enzi cha mpingo, kasha la misumari ya shaba, sahani zilizokuwa zikipangwa kwenye zidaka, vimetoka vingi mno Lamu kwa bei ya kutupa na havirudi. Na vitu vya kale vina sheria, ile ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006, kuvitoa nje ya nchi bila kibali ni kosa, kwa hivyo mnaweza kujikuta kwenye kesi kwa kitu mlichokiuza kwa pesa ya kula wiki moja.

Sasa nafasi utaipata vipi? Anza na vitu vyako na vya mumeo. Mbele ya macho yake. Toa vyako, peleka, gawa, aone chumba chenu kimepata nafasi bila mtu kumgusa yeye. Usimwambie kitu. Halafu siku amekaa vizuri, baada ya alasiri labda na kahawa, mwambie mama kasha hili lilikuwa la nani? Kaa chini umsikilize mpaka amalize. Wazee wengi hawakatai kutoa, wanakataa kuonyeshwa kwamba maisha yao yalikuwa takataka. Ukishajua kipi kina mtu na kipi ni saa mbovu tu, yeye mwenyewe ataanza, hii mpe fulani, hii ya mwanangu wa Mombasa amekuwa akiitaka.

Na vinavyobaki vifanye kazi. Kasha ni stoo tayari, tieni mashuka na mapazia humo badala ya kulifunga tupu likikalia sakafu. Kile kitanda cha kale kama mbao ni nzima kisimamisheni watoto walale juu, vimeinuka vile vitanda, chini yake panaingia masanduku mawili na hewa inapita. Viti vikalieni. Mume mwambie nimesema kama ana haraka ya nafasi aanze na ile mashine ya boti iliyokufa, maana sijawahi kusikia nyumba ya Lamu isiyokuwa na moja.

SWALI: Natarajia mtoto wa kwanza, niko Malindi. Mamangu amenipa nguo zangu za utotoni, alizihifadhi na vile vidonge vyeupe vya kabatini. Nizifue tu mara moja nimvishe?

JIBU: Mashallah, Mungu akufungue salama. Mara moja haitoshi, na vile vidonge vitoe nyumbani kabisa. Vingi vimetengenezwa kwa naftalini, ile harufu ndio dawa yenyewe inapaa hewani, na mtoto mchanga anaivuta na inapita hata kwenye ngozi. Kuna watoto wanazaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachoitwa G6PD, hali hiyo iko kwa watu wengi huku pwani kwa sababu ya historia yetu na malaria, na mtoto mwenye hali hiyo akipata naftalini chembe nyekundu za damu zinavunjika, anakuwa manjano, anaweza kuzidiwa. Kwa kumwangalia hutajua kama anayo. Fua zaidi ya mara moja, anika juani siku kadhaa mpaka harufu iishe KABISA, kama haiishi usimvishe, ziweke za kumbukumbu tu. Blanketi vile vile. Kuzuia wadudu safisha nguo vizuri kabla ya kuziweka maana wanafuata jasho na mabaki ya chakula, tia karafuu kwenye kitambaa, na fungua fungua sanduku. Na mtoto ukimuona macho yana umanjano mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, waambie kama alikaa karibu na vidonge hivyo.

SWALI: Nina kiduka Malindi. Karatasi za miaka ishirini, risiti, vyeti vya watoto, hati ya shamba, zote kwenye katoni moja chini ya kitanda, mchwa wameanza. Nichome zipi?

JIBU: Usichome kitu leo. Toa kwanza zile ambazo zikipotea utalia: hati ya shamba, vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa, vya shule, karatasi za mirathi. Zikaushe ndani kivulini, tia kila moja kwenye bahasha ya plastiki ikiwa kavu kabisa, zote kwenye boksi la plastiki la kufunga lenye vile vipakiti vinavyokuja ndani ya viatu vipya, liweke juu, si chini na si kwenye ukuta wa nje. Zipige picha umtumie mtoto mmoja anayekaa kwengine. Rekodi za kodi KRA wanataka uweke miaka 5, zaidi ya hapo za kawaida chana, ila zile za kununua ardhi, kujenga au deni lisiloisha weka. Zile risiti laini za mashine zinafutika zenyewe kwa joto, kwa hivyo piga picha mapema. Na hao mchwa tafuta njia yao ya udongo ukutani, karatasi ukiziondoa watahamia kwenye kitanda.

SWALI: Shangazi, Maulidi yanakuja na nyumba yetu Lamu hupokea wageni mpaka darini. Magodoro kumi yanakula chumba kimoja mwaka mzima. Tuyauze?

JIBU: Wageni wa Maulidi ni baraka, msiwaache bila pa kulala. Lakini kumi ya sponji mazito ya nini? Bakisheni mawili mazuri kwa wazee na wagonjwa, yanayobaki wapeni wenye haja, na muweke mikeka na magodoro membamba yanayokunjika, yanayopangwa moja juu ya jengine yakafunikwa kitambaa yakawa pa kukaa sebuleni. Yasifunikwe nailoni. Halafu zungumzeni na majirani, nyumba tatu nne zikiwa na magodoro ya pamoja yakakaa kwa yule mwenye chumba cha juu kikavu, kila nyumba inapata nafasi yake, maana wageni wenyewe mnawagawana kila mwaka. Yaanikeni darini wiki moja kabla, pande zote mbili, na mkague mishono kama kuna kunguni kabla hayajateremka ndani.